Dakika Arobaini na Tano hadi Jimma

Jumatatu, 3 Hidar

Hatimaye! Weyzero Yeshimebet anakwenda Jimma Jumamosi kumwona dada yake, nami nimepata kiti cha pembeni yake. Nitamposa hewani. Miaka hamsini nimeingoja siku hii. Zamani mimi nilikuwa karani wa kusafirisha mifuko ya barua, yeye mhudumu wa ndege, kitambaa cha kijani shingoni. Mara arobaini na moja nilipanda ile ndege ya panga boi, na kila mara nilimwomba sukari tu. Akaolewa na mwingine. Sasa ni mjane, nami mgane.

Hotuba ninayo tangu enzi zile. Ni ya saa moja na dakika kumi kamili, sawa na safari ya Addis hadi Jimma.

Jumanne, 4 Hidar

Balaa! Kapteni Mekuria, rubani mstaafu anayepaka nywele rangi, kaniumbua mkahawani. Eti siku hizi ni dakika arobaini na tano! Nikamwambia kilomita ni zilezile mia mbili na sitini.

"Ato Wubshet, Jimma iko palepale. Wewe ndiye uliyebaki kwenye panga boi."

Wakacheka wote, hata muuza kahawa.

Jumatano, 5 Hidar

Nakata hotuba, saa ya jikoni mbele yangu. Nimeondoa mvua zote. Nimeondoa ndugu zangu wa Gondar. Kahawa imenishinda kuiondoa. Kikombe cha kwanza alikimimina tukiiacha Addis, cha pili juu ya bonde la Gibe. Cha tatu, kile cha baraka, hakikufika kamwe, maana tulikuwa tumeshatua. Nilizipenda sana siku zile. Nikalia, na kilio kikala dakika nne.

Hotuba bado ni ya dakika hamsini na mbili. Nitasema haraka.

Ijumaa, 7 Hidar

Mekuria naye kakata tiketi! Eti anafuata hewa safi. Nimemwambia safari imesogezwa hadi saa tisa alasiri. Kaniamini, mjinga yule.

Jumamosi, 8 Hidar

Mekuria alifika uwanjani kabla yangu. Alipiga simu kuulizia. Kiti chake ng'ambo ya njia.

Nilianza na salamu, maana sikulelewa porini. Nyumba, watoto, dada, magoti, Mungu ashukuriwe. Tukawa tumefika Gibe. Kisha pole ya marehemu mumewe. Upepo ukatusukuma kwa nyuma, tukatua kwa dakika thelathini na nane! Katika hotuba nilikuwa bado kwenye mfuko wa kwanza wa barua.

Chini ya ngazi akanishika mkono.

"Wubshet, zamani tulikuwa na saa nzima, ukaomba sukari. Sasa tumeshatua, hakuna anayetukimbiza. Sema neno moja tu. Mimi nipo."

Macho yaleyale! Nikamjibu kwamba neno moja halimtoshi mtu kama yeye, asubiri nijipange. Akamwita Mekuria ambebee sanduku.

Jumapili, 9 Hidar

Nimerudi Addis peke yangu, kichwa kikiwa safi. Kosa nimeliona: ndege fupi mno! Mwezi ujao Yeshimebet anakwenda Washington kwa binti yake. Zaidi ya saa kumi na tano hewani! Ndugu wa Gondar nimewarudisha wote, na mvua zao.

Mekuria kabaki Jimma. Nasikia dada yake Yeshimebet anachinja kondoo, na padri kaitwa. Maskini, hana habari kabisa na safari ndefu.