Kilima cha Tabaka Kumi na Nne

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeanza shajara hii kwa sababu watu wenye vipaji hawaeleweki wakiwa hai. Imebaki wiki moja na siku moja kabla ya jopo. Jopo ni walimu wanaokaa mbele ya kazi yako na kuichambua mpaka ujute kuzaliwa. Mwaka jana walinichambua. Ndiyo maana narudia mwaka wa pili wa usanifu majengo. Nikianguka tena, natoka chuoni moja kwa moja hadi kwenye uwanja wa matofali wa Mjomba, ambaye ndiye ninayeishi kwake. Mjomba ni fundi mwashi. Hana ubaya, ila ameshaninunulia buti za mpira. Ameziweka nje ya mlango wa chumba changu. Anasema hanisukumi, ni tahadhari tu. Namba arobaini na mbili. Zinanitosha kabisa!

Kazi ya safari hii: chumba cha kusomea, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya karakana ya reli. Mwalimu wa studio, tunayemwita Milimita kwa sababu hajawahi kusamehe hata moja, anataka kuona jengo, mwanga, na jinsi ardhi inavyolipokea jengo hilo. Wiki iliyopita darasa zima lilikwenda kukikagua kiwanja. Mimi tumbo lilinisumbua. Yaani, lilinisumbua nilipofikiria kutembea saa nzima juani. Niende kufanya nini? Ramani ninayo. Ina mistari ya mwinuko, duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Kilima! Mistari ilikuwa na tarakimu ndogondogo zilizoharibu uzuri wa mchoro. Nimezifuta zote kwenye nakala yangu.

Kileleni nitasimamisha mnara wa kusomea, madirisha pande nne. Jua la asubuhi litafika pale kabla halijamfikia mtu mwingine yeyote. Nimeuona mnara huo kichwani mwangu na machozi yakanilengalenga.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku ya kukabidhi ripoti ya kiwanja. Ukurasa mmoja: ulichokiona, ulichokihisi. Nimeiandika kantini kwa dakika ishirini. "Nilisimama kileleni nikavuta pumzi. Upepo ulivuma bila kizuizi. Mji mzima ulikuwa chini ya miguu yangu." Milimita ameisoma palepale. Akanitazama. Akaisoma tena. Akaitia kwenye faili lake polepole. Nimemgusa moyo, naona.

Meza iliyo jirani na yangu ni ya Bi Sahihi. Hilo ni jina nililompa mwenyewe, kwa kuwa anachonga penseli zake zote kabla ya kipindi na anajua kila kitu. Aliniuliza niliionaje ile njia ya kiwanjani. Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba kushuka ni rahisi, kazi ni kupanda. Akacheka, akasema ni kweli kaka, hata yeye magoti yalimuuma siku mbili. Nimepita salama!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekata maboksi tangu asubuhi. Tabaka kumi na nne. Maboksi hayakutosha, kwa hiyo kila tabaka nimelikata kama pete, wazi katikati, isipokuwa lile la kileleni. Kwa nje hakuna atakayejua. Kidole nimekikata mara mbili. Damu imebaki kwenye tabaka la tisa, nikaipaka rangi ya udongo.

Mchana Bi Sahihi alikwenda kunywa chai. Modeli yake ilikuwa imefunikwa kitambaa. Sikutaka kuchungulia. Nikachungulia. Masikini! Amejenga shimo! Shimo la duara, lenye chumba kule chini. Msichana mwenye penseli kumi na mbili zilizochongwa ameisoma ramani kinyume!

Mtu mwema angemwambia. Nilifikiria sana jambo hilo, kama dakika mbili. Kisha nikaona kwamba jopo likimkuta na shimo lake, mimi na kilima changu tutang'aa maradufu. Aliporudi nikamwambia kina cha modeli yake kimekaa vizuri sana na asibadilishe kitu. Alifurahi. Akanimegea nusu ya andazi lake. Lilinishuka kwa shida kidogo, lakini lilishuka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Ajabu! Darasa zima limejenga mashimo. Wanafunzi kumi na mmoja, mashimo kumi na moja. Wamemwiga Bi Sahihi, kila mmoja wao! Nimewahurumia. Hakuna hata mmoja mwenye uthubutu wa kufikiri peke yake.

Mmoja aliniuliza kile kilima changu ni cha wapi. Nilitabasamu tu. Nikamwambia asubiri Jumanne.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimekwisha.

Nilileta modeli nyumbani ili Mjomba aione, aache kunitazama miguu kila ninapopita. Akaizunguka. Akasifu ukataji. Akauliza ni wapi hapa. Nikamwambia ni nyuma ya karakana ya reli. Akavuta kigoda, akakaa. Ndipo akaniambia, mpwa wangu, hapo hapana kilima. Hapo ndipo walipochimba kokoto yeye na wenzake miaka sita, alipokuwa kijana. Kokoto ya msingi wa nyumba hii imetoka hapo. Ni shimo, tena refu kuliko mti wa umeme.

Nikatoa ramani niliyoipata chuoni, ile ya asili. Tarakimu zinapungua kuelekea katikati. Zinapungua! Mtoto wa shule ya msingi angeona. Nimelala kifudifudi sakafuni na sitaki kuandika nilichokisema kule chini.

Mjomba hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema kesho asubuhi anipeleke nikalione shimo kwa macho yangu, kisha Jumatatu nimwambie mwalimu ukweli. Siku tatu zinatosha kuanza upya, alisema. Yeye ameshabomoa kuta za watu na kuzijenga upya kwa siku mbili.

Nimekataa. Nikionekana kule, nitakuwa nimekiri kwamba sikuwahi kufika. Badala yake nikapata wazo: nipendekeze shimo lijazwe kifusi mpaka liwe kilima! Mjomba alipiga hesabu kwa chaki kwenye ubao. Lori elfu tatu na mia nne. Akauliza kwa upole zitapita barabara gani. Nikaenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeokoka! Niliipiga modeli teke kwa uchungu, ikapinduka. Nikaiona kwa chini. Zile pete! Ndani ni wazi, zinashuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye tabaka la kileleni, ambalo sasa liko chini kabisa. Shimo! Nilikuwa na shimo muda wote! Nimeung'oa mnara juu na kuugundisha chini, ndani. Modeli sasa ni kama bakuli na haisimami, hivyo nitailaza katikati ya meza mbili, ukingo huku na ukingo huku. Kazi yote imechukua robo saa. Mjomba na siku zake tatu!

Bi Sahihi alipiga simu. Eti kesho anakwenda tena kiwanjani kutazama mwanga wa adhuhuri, je, twende wote? Alisema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. Kumbe ameshahisi. Anataka kuniona ninavyoduwaa. Nikamwambia nakifahamu kiwanja kile kama kiganja changu.

Mama naye akapiga. Yeye ni fundi cherehani. Amewaambia wenzake wote dukani kwamba Jumanne mwanawe anaonyesha jengo mbele ya wakubwa. Ameshajishonea gauni la mahafali yangu. Imebaki miaka mitatu! Nikamwambia ni gauni lililoshonwa mapema kidogo. Akasema kitambaa kilikuwa kizuri, asingekiacha. Baada ya simu nilikaa kitandani nikiona haya kweli kweli. Ilinichukua muda kusimama.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Naandika kwa wajibu tu.

Milimita na walimu wawili wageni. Mimi wa mwisho. Wenzangu wote na mashimo yao wamesifiwa. Bi Sahihi ametengeneza paa lenye tundu moja, jua linashuka mpaka mezani saa sita kamili. Mmoja wa wageni alivua miwani kutazama vizuri.

Kisha mimi. Milimita aliuliza kwa nini karakana ya reli imehamia upande wa pili. Ukipindua kitu, kulia kunakuwa kushoto! Sikulifikiria. Nikajibu kwamba huo ni mtazamo mpya. Akauliza yale madirisha manne ya mnara, msomaji atakuwa akitazama nini. Nikasema udongo. Udongo humtuliza msomaji.

Akauliza jua linafika mezani saa ngapi. Nikasema alfajiri, kwa kuwa ndivyo nilivyoandika kwenye michoro kwa herufi kubwa. Hakubishana. Akachukua taa ya mezani, akaiwasha, akaishika chini kando ya modeli. Ndani giza. Akaipandisha kidogo. Giza. Akaipandisha tena. Giza. Studio nzima tunatazama taa inapanda na mnara wangu umekaa gizani. Mpaka taa ilipofika juu ya kichwa chake ndipo paa likapata mwanga kiduchu. Madirisha hayakupata kitu.

Akainama ili aone vizuri. Akagusa ukingo. Lile tabaka la chini lilikuwa limeshikwa na gundi tu. Likaachia. Mnara ukapita katikati ya meza mbili, ukaanguka sakafuni, ukabingirika hadi kwenye kiatu cha mgeni mwenye miwani. Aliuokota kwa heshima. Hakujua auweke wapi.

Nikadhani yamekwisha. Milimita akafungua faili, akatoa ripoti yangu, akaisoma kwa sauti, bila kejeli yoyote. "Nilisimama kileleni nikavuta pumzi." Watu walicheka mpaka wengine wakashika meza. Bi Sahihi hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu, kama vile yeye ndiye aliyeandika. Ningependa angecheka.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimeanguka. Milimita aliniita ofisini. Nilitegemea anipe barua ya kuondoka, lakini akasema kanuni inaruhusu kazi moja ndogo ya marudio, na hii ndiyo ya mwisho kwangu. Nichore chumba ninacholala. Vipimo vyake, na mwanga unavyoingia asubuhi, mchana na jioni. Akasema amenichagulia kiwanja ambacho siwezi kukosa kufika. Jumatatu saa kumi na moja jioni atakuja mwenyewe nyumbani na futi yake kuhakiki. Mchoro ukiwa sahihi, nabaki chuoni. Usipokuwa, basi.

Nilitoka. Kwenye ngazi niliapa. Sitadanganya tena, sitakisia tena, nitapima kila kitu kwa mikono yangu. Nimempigia Mama nikamwambia bado kuna kazi ndogo ya kumalizia. Akasema hakuna neno, gauni lipo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kazi imekwisha! Siku tatu kabla! Mjomba alinipa futi yake, ile ya chuma anayoitumia kazini, na hamwazimi mtu. Nimemrudishia. Chumbani humu nimekaa miaka mitatu, nipime nini? Mita nne kwa mita nne, kwa sababu mraba una utulivu wake. Kitanda hakikuenea kwenye mchoro, hivyo nimekifupisha. Bi Sahihi naye alituma ujumbe kwamba anaweza kuja kesho tupime pamoja, yeye ashike upande mmoja wa futi. Sijajibu. Anachungulia kazi za watu, yule.

Mjomba amezihamishia buti ndani ya chumba, anasema huko nje zinaingia vumbi. Nimezichora chini ya dirisha. Zinaonyesha kwamba chumba kina mtu anayeishi.

Ugumu ulikuwa dirisha tu. Nimelielekeza mashariki. Mnara wangu ulinyimwa jua la asubuhi, na sioni kwa nini nami ninyimwe. Nimechora miale ikiingia saa moja asubuhi, inaifikia meza, inapita juu ya buti, inafika kwenye mto wa kitanda. Mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kufanya. Safari hii Milimita hatakuwa na la kusema.

Ningeandika zaidi, lakini jua la jioni linaingia dirishani moja kwa moja na kunichoma macho, hata ukurasa siuoni. Ngoja nishushe pazia.