Awamu ya Pili Kilimani Hobdown

Halmashauri ya Wilaya ya Skelmerby ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba mzingile wa majani ulioko juu ya Kilima cha Hobdown, ambao wananchi wamekuwa wakiutembea kiholela kwa mamia ya miaka, hatimaye umepata kibali. Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Mei, kutembea humo kutakuwa halali.

Tangazo hilo aliliandika Bwana Aldous Pinnock, Afisa Mkuu wa Usalama wa Njia za Miguu, na alipomaliza alijisomea kwa sauti mle ofisini mpaka mwili ukamsisimka. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Hobdown. Mtu mwenye ramani ya rangi apande kilima akatafute nini? Huko juu kuna upepo, matope, na kondoo wanaokukodolea macho kama wakaguzi wa hesabu.

Mzingile wenyewe hauna makuu. Ni njia moja nyembamba iliyochimbwa ardhini, inayojizungusha na kujirudia kati ya matuta ya majani mpaka inafika katikati, basi. Haina njia panda wala kona ya kumhadaa mtu. Hata mlevi huufikia moyo wake, mradi asilale njiani.

Watu wa kijiji cha Nether Hob, chini ya kilima, wana jambo lao. Kila Mei hupanda pamoja, na aliyefiwa mwaka huo hutangulia. Akifika katikati husimama kidogo na marehemu wake, kisha hurudi kwa njia ileile, na wanaokuja hupanda kwenye tuta la majani kumpisha, kila mmoja akimgusa bega. Hakuna anayesema neno. Hayo ndiyo matanga yao, maana si watu wa kulia hadharani.

Ripoti ya Bwana Pinnock iliita jambo hilo "msongamano usioratibiwa unaoambatana na kugusana." Akapendekeza sheria tatu. Kwanza, mwendo ni wa mbele tu. Pili, hakuna kupishana. Tatu, hakuna kukanyaga majani. Na ili wote waone haki, akaongeza kwamba siku ya majaribio, yaani Jumamosi hiyo ya kwanza, upande wowote utakaokanyaga majani utaondoka kilimani moja kwa moja, na mzingile utabaki mikononi mwa upande wa pili. Neno "wowote" aliliweka kwa ajili ya urembo. Alijua fika wanakijiji watakanyaga, kwa kuwa wameshazoea kupishana. Waya wa uzio ulikuwa tayari kwenye lori, na mchoro wa Kituo cha Uzoefu wa Majani ulikuwa tayari mezani, wenye chumba kikubwa kilichoandikwa "Mkurugenzi: A. Pinnock."

Sheria hizo alizisoma kijijini, katika ukumbi wa kanisa. Aliyenyoosha mkono alikuwa Dorcas Threlfall, mwenye baa, aliyemzika mumewe Wilf wakati wa theluji.

"Bwana Pinnock, kuingia tumeelewa. Na kutoka je?"

"Swali zuri sana, Bi Threlfall. Masuala ya kutoka yatashughulikiwa katika awamu ya pili."

"Kwa hiyo awamu ya kwanza tunalala humo humo?"

"Awamu ya kwanza inahusu kuingia."

Watu wakaangaliana. Dorcas hakuketi. "Mimi sikumlilia Wilf kanisani," alisema. "Nilijiwekea, nikamlilie kule juu. Sasa nani atanigusa bega?"

"Kugusana kumesitishwa."

Bwana Pinnock aliyaona macho ya mama huyo yakilowa, naye hakuwa mtu wa kupuuza hisia za wananchi. Akafungua faili lake akaandika: "Wadau wameguswa." Nyuma ya ukumbi, mzee Silas Gadd, mchunga kondoo, alimwinamia Dorcas. "Mwache, mama. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Jumamosi ilifika. Mgeni rasmi alikuwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Philippa Garsdale, aliyevaa viatu vyeupe kwa sababu baada ya shughuli alikuwa na chakula cha mchana na naibu waziri kutoka London. Walipanda kilima wakipita vibao vya Bwana Pinnock, cha kwanza kikiwa kimeandikwa: TAHADHARI, KILIMA KINAPANDA. Mwenyekiti alitumbukiza mguu kwenye matope, akauliza kama matope hayo yana kibali. Bwana Pinnock akaahidi kufuatilia.

Juu kabisa, kijiji kizima kilikuwa kimeshapanga foleni, Dorcas mbele. Lori la uzio lilisimama kando, mafundi wakila mikate yao na kungoja amri.

"Samahani, Bi Threlfall," alisema Bwana Pinnock. "Itifaki. Kiongozi hutangulia, mfiwa hufuata."

Dorcas akarudi hatua moja. "Tangulieni, bwana. Tangulieni kabisa."

Basi Mwenyekiti akaingia, Bwana Pinnock nyuma yake, kisha Dorcas, kisha Silas, kisha kijiji, mguu kwa mguu, hakuna aliyegusa hata jani. Bwana Pinnock alikuwa akigeuka kila mara kuwavizia, na kila alipogeuka walimtabasamia. Jambo hilo lilimkosesha raha. Tena foleni haikuishia kwa wanakijiji. Watembea vilima waliokuwa wakipita na mbwa wao waliiona, na watu wa nchi ile wakiona foleni hawaulizi inakwenda wapi, huuliza mwisho wake uko wapi. Wakajipanga. Mwenyekiti alipofika katikati, mzingile wote ulikuwa umejaa watu hadi mlangoni.

Alihutubia. Alizungumzia ushirikishwaji wa jamii, kwa kirefu, upepo ukiondoka na nusu ya maneno. Alipomaliza akasema, "Haya, Pinnock, twende."

Bwana Pinnock akageuka, akakutana na Dorcas uso kwa uso.

"Samahani, Bi Threlfall."

"Samahani na wewe, bwana."

Hakuna aliyesogea.

"Tunaomba kupita."

"Hakuna kupishana. Sheria ya pili hiyo."

"Basi rudini nyuma kidogo."

"Mwendo ni wa mbele tu."

"Jamani, si msogee tu pembeni!"

Dorcas akashika kifua. "Kwenye majani, Bwana Pinnock? Mbele ya Mheshimiwa?"

Hapo ndipo Bwana Pinnock alipoitazama ile njia kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaona kwamba mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea ni pamoja. Kwenye ramani palionekana pazuri tu.

Mvua ikaanza. Wanakijiji wakafungua miavuli na chupa za chai. Vikombe na mikate ya nyama vikatembea mkono kwa mkono kuuzunguka mzingile mzima, mpaka vikamfikia Dorcas. Mwenyekiti alikitazama kikombe cha Dorcas kikifuka mvuke.

"Ningekupa, Mheshimiwa," alisema Dorcas, akipuliza chai yake, "lakini kugusana kumesitishwa."

"Pinnock, badili sheria," alisema Mwenyekiti.

"Zinabadilishwa na Kamati, Mheshimiwa. Akidi ni wajumbe watano, nasi hapa tuko wawili."

"Waite wengine."

"Taarifa ya kikao hutolewa wiki mbili kabla. Kanuni yangu mwenyewe."

"Mimi naibu waziri ananingoja mezani, Pinnock."

"Mnaendeleaje huko?" aliuliza Silas. "Sisi hatuna haraka. Kondoo wameshakula."

Mwenyekiti alifikiri kama viongozi wanavyofikiri, yaani alitafuta mgongo. "Pinnock, inama."

"Mheshimiwa?"

"Inama nipande. Mimi sitakanyaga majani. Utakanyaga wewe, kwa niaba yangu. Hii inaitwa kukasimu madaraka."

Bwana Pinnock aliinama. Ndivyo Mwenyekiti wa Halmashauri ya Skelmerby alivyotoka Hobdown, juu ya mgongo wa Afisa Mkuu wa Usalama wa Njia za Miguu, ambaye alivuka tuta baada ya tuta akihema, akiacha nyayo zinazoonekana kutoka kijijini, na kiatu kimoja. Wanakijiji hawakucheka. Waliinamisha vichwa kwa heshima wakati msafara ukipita, na mwandishi wa gazeti la wilaya, aliyekuwa kwenye foleni kama wengine, alipiga picha bila kukanyaga kitu.

Msimamizi wa mafundi alikuja na koleo mkononi. "Bosi, majani yamekanyagwa. Tuliambiwa yakikanyagwa tuulize ni upande gani."

"Aliyekanyaga ni Pinnock," alisema Mwenyekiti, akishuka. "Mimi nilikuwa hewani."

"Lakini sisi ni upande mmoja, Mheshimiwa," alisema Bwana Pinnock, na kwa kuwa alikuwa amechoka, hilo likamponyoka likiwa kweli tupu.

"Sheria msumeno, wazee," alisema Silas, akiwa bado nyuma ya Dorcas. "Hukata mbele na nyuma."

Msimamizi akakisoma mara mbili kibao cha sheria kilichosimikwa mlangoni pa mzingile, akakuna kichwa, akawaambia vijana wake warudishe waya garini. Mwenyekiti alishuka kilima akichechemea, hakuaga mtu. Bwana Pinnock alisindikizwa hadi lango la kondoo, akabaki upande wa nje, soksi moja imelowa.

Kutoka pale alimwona Dorcas akiingia katikati peke yake. Alisimama na Wilf wake. Alilia, mabega yakitikisika, kilio cha tangu theluji. Kisha akageuka kurudi, na foleni nzima ikapanda kwenye majani kumpisha, kila mtu akimgusa bega, hata wale watembea vilima wasiomjua wala kumjua marehemu, maana waliona wa mbele yao amefanya hivyo. Bwana Pinnock hakuwa na la kuandika. Alitamani, na aliona aibu kutamani, kuwa mmoja wao.

Dorcas alipofika langoni, macho mekundu, uso mwepesi, Bwana Pinnock akavua kofia.

"Bi Threlfall, nimeondoka, sawa. Sheria ni sheria. Lakini na kurudi je?"

Dorcas alipangusa pua. "Swali zuri sana, Bwana Pinnock. Masuala ya kurudi yatashughulikiwa katika awamu ya pili."

Akalifunga lango vizuri, kwa sababu ya kondoo.