Ukuta wa Njano wa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3

Daftari jipya. Utaratibu ni ule ule: ukurasa wa kushoto mambo ya kazi, ukurasa wa kulia mambo ya nyumbani. Hayachanganywi. Mke wangu husema mshika mawili moja humponyoka. Ndiyo maana mimi huyashika katika kurasa mbili.

Kazi. Mkuu wa Bandari ametuita ofisini kwake, mimi na Bi Mihuri. Jumamosi asubuhi zinaingia mashua tisa za matanga, za wageni wanaozunguka visiwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika hapa. Mkuu anataka mwongozo wa kurasa nne: pa kupita, pa kutia nanga, karatasi gani zinahitajika, maji, dizeli, daktari. Kila mmoja wetu aandike wake, atachagua Ijumaa. Atakayeshinda ndiye Afisa Habari wa Bandari. Ajira ya kudumu. Meza ya dirishani.

Mimi ni karani wa muda, mwaka wa kumi na moja sasa. Meza yangu iko nyuma ya mlango wa stoo. Mlango ukifunguliwa, mimi hufungwa.

Bi Mihuri, anayegonga mihuri kaunta, alinifuata kwenye korido kuuliza kama nitahitaji msaada. Nilimshukuru kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda. Nasikia ana daftari alimoandika kila swali aliloulizwa na wageni kwa miaka sita. Maswali! Mwongozo huandikwa kwa majibu.

Nyumbani. Tulipita kwa mama mkwe. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza kama anavyouliza tangu nimwoe bintiye: "Bado wa muda?"

Nikasema bado. Akasema hata mvua ni ya muda, lakini huwa inakatika.

Jumanne, tarehe 4

Kazi. Nimetoka baharini na Kobe, nahodha wa mashua ya doria. Anaitwa Kobe kwa mwendo wake. Miaka thelathini hajagusa mwamba.

Nilimwuliza huwa anaingiaje bandarini. Akasema kwa macho. Nikamweleza kwamba macho hayachapiki. Akakuna kidevu, akazungusha mashua, tukatoka hadi nje kabisa ya mlango wa bandari, kisha akanionyesha. Kulia kuna mwamba. Kushoto kuna fungu la mchanga. Katikati kuna njia nyembamba, na maji yote yana rangi moja, huwezi kujua. Lakini kilimani kuna tangi jeupe la kituo cha afya, na chini yake, karibu na ufuko, kuna ukuta wa njano. Tangi likikaa juu ya ukuta kama kofia kichwani, njoo moja kwa moja, usimwogope mtu. Kofia ikiteleza kulia, unaelekea mwambani. Ikiteleza kushoto, mchangani.

Nikachukua darubini kuuangalia ukuta huo vizuri. Ulikuwa wa mama mkwe.

Kobe akacheka. Akasema mabaharia wote wa hapa wanaingia kwa ukuta wa mkwe wangu, mimi peke yangu ndiye sikuwa na habari. Sikupendezwa, lakini utaalamu ni utaalamu. Nimeandika ukurasa wa pili wote kuhusu ukuta na tangi, kwa mchoro na rula. Alama imehakikiwa Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Bi Mihuri hana alama yoyote. Amekaa kaunta anasoma maswali yake.

Nyumbani. Hakuna la kuandika.

Jumatano, tarehe 5

Kazi. Siku ya huduma. Nimezunguka kwa miguu, orodha mkononi.

Bendera: kila mashua inayotoka nchi za nje ipandishe bendera ya njano, na asishuke mtu mpaka maofisa wa afya, forodha na uhamiaji wamalize ukaguzi. Watatu hawa hawapandi chombo kimoja tangu wagombanie kiti chenye mto. Nimeandika: "Mtatembelewa mara tatu. Subirini."

Maji: bomba la gati halina mpini. Spana anayo mlinzi, na mlinzi anayo zamu nyingine kwingine. Nimeandika: "Maji safi yapo. Njooni na spana."

Gesi: mitungi ipo tele, ila midomo yake haikubaliani na mitungi ya wageni. Nimeandika hivyo hivyo.

Dobi: hapa hakuna dobi. Mwongozo usio na dobi una kilema. Nimeandika: "Dobi hodari, mpole, dakika tano kutoka gatini," na ramani ya kufika kwangu.

Nyumbani. Mke wangu ameisoma rasimu nilipokuwa naoga. Aliuliza nani kaniambia kuwa yeye ni dobi. Nikasema huo ni wadhifa. Akasema basi wadhifa huo niuvae mwenyewe, na nianze na soksi zangu.

Baada ya saa moja Bi Mihuri akabisha hodi na bunda la kitambaa cha njano. Kumbe katika maswali yake wageni wengi huuliza watapata wapi bendera ya njano, zao zimechanwa na upepo. Alikuja kumwomba mke wangu amshonee tisa. Mke wangu akakubali kabla mgeni hajaketi. Sasa cherehani iko juu ya meza yangu na mimi naandikia kwenye goti.

Halafu mama mkwe katuma ujumbe kwamba ukuta wake unaobabuka unamtia aibu, na ana mabinti wanne walioolewa lakini hana mkwe hata mmoja.

Nimefikiri. Mama mkwe ni shangazi yake Mkuu wa Bandari. Ndiye aliyemlea. Kila Ijumaa Mkuu hula kwake mchana, kisha hurudi ofisini akiwa ameshiba na mwenye maamuzi. Mama mkwe akinisifia Ijumaa hiyo, mezani, kabla ya uchaguzi! Mpango umezaliwa saa kumi na moja kasorobo. Nimeupigia mstari mara mbili.

Alhamisi, tarehe 6

Nyumbani. Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Mtunza stoo wa bandari alinipa makopo mawili ya rangi yaliyobaki ilipopakwa mashua ya doria: bluu inayoelekea kijivu. Akanionya kuwa rangi hiyo ina sifa yake. Ilichaguliwa ili mashua isionekane kwa mbali. Nikamwambia nyumba ya mama mkwe haitaki kuonekana, inataka kuheshimika.

Nimekwangua, nimepiga msasa, nimepaka mikono miwili, wa pili juu ya wa kwanza ulipokauka. Ukuta wote unaotazama bahari. Hadi saa kumi na mbili jioni hakukuwa na doa la njano lililosalia. Mimi nikianza kitu sikiachi nusu.

Mama mkwe alitoka, akasimama barazani mikono kiunoni. Akaenda kushoto. Akaenda kulia. Kisha akasema: "Hii sasa ni nyumba. Asante, mwanangu."

Mwanangu. Miaka kumi nimekuwa "huyo wa muda". Nilishuka ngazi kwa uangalifu kwa sababu macho yalikuwa na kitu, nadhani vumbi la msasa.

Kazi. Kobe amekwenda kisiwa cha pili kuchukua dizeli, atarudi Jumamosi. Ukurasa wa pili nimeunakili kwa wino mweusi. Ni mzuri sana.

Ijumaa, tarehe 7

Kazi. Nimeshinda.

Mkuu alirudi kutoka chakula cha mchana akiwa na uso mwema. Akasema shangazi yake amenitaja mara tano. Akaisoma miongozo yote miwili kwa sauti. Wa Bi Mihuri unaeleza ofisi inafungwa saa ngapi kikweli, siyo saa iliyobandikwa mlangoni. Unaeleza taka zitupwe wapi, daktari yupo siku gani, na mbwa wa meli washuke au wasishuke. Lakini kuhusu kuingia unasema tu: simameni nje ya mwamba, mtuite kwa redio, msubiri mtu aje awaongoze. Nikasema, kwa heshima, huko si kuongoza, huko ni kumwambia mgeni akae nje ya mlango. Mkuu akafungua ukurasa wangu wa pili. Mchoro. Rula. Kofia kichwani. Akasema hii ndiyo kazi. Barua ya ajira atatia saini Jumamosi, wageni wakishaingia salama.

Bi Mihuri aliuliza swali moja, bila shaka ni tabia. Kama alama hizo zimehakikiwa karibuni. Nikamjibu Jumanne, saa tatu na dakika kumi. Akauliza leo ni siku gani. Nikamjibu Ijumaa, kwa uvumilivu.

Mwongozo ulitumwa kwa baruapepe saa tisa. Nimepima meza ya dirishani. Kalamu zangu zitakaa upande wa mashariki.

Nyumbani. Mke wangu amemaliza bendera tisa. Kazifua ili zisichuje, ataanika kesho asubuhi. Mshindi hana kinyongo.

Jumamosi, tarehe 8

Naandika kwa ufupi.

Saa mbili asubuhi tulikuwa gatini: Mkuu, Bi Mihuri na redio yake, mimi na tai yangu shingoni. Maji yamejaa, yameanza kupwa. Mashua tisa nyeupe nje ya mwamba, zinazunguka. Zikazunguka tena. Redio ikaita: tangi wanaliona, ukuta wa njano hawauoni. Nikachukua redio, nikawaambia watazame vizuri, ukuta ni mkubwa, haujifichi. Nikageuka kuwaonyesha kwa kidole, kama vile wangeweza kukiona.

Kilimani palikuwa na tangi. Chini ya tangi palikuwa na anga.

Nilihisi kurasa za kushoto na kulia zikigusana.

Wakati huo huo nahodha wa mbele akasema kwa furaha kwamba sasa ameona, njano kabisa, chini ya tangi. Bendera tisa. Mke wangu alikuwa ameanika. Nyumba yetu ni ya pili kushoto kwa mama mkwe, ukitazama kutoka baharini.

Aliingia moja kwa moja bila kumwogopa mtu, kama nilivyomwandikia, akapanda fungu la mchanga taratibu kama anayepanda kitanda. Hakuumia mtu. Mashua imesimama wima, mlingoti juu, maji yakaiacha. Wale wanane wengine Bi Mihuri aliwahi kuwaambia wasimame walipo. Kisha Kobe akatokea na mapipa yake ya dizeli. Akasimama nje kwa muda, akitazama nchi kavu. Baadaye akawapita mbele, wakamfuata mstari mmoja kama bata, wakaingia salama wote wanane. Nilimwuliza amepitaje bila ukuta. Akasema kwa macho.

Mkuu akauliza, polepole, nani amepaka ukuta wa shangazi. Mama mkwe alikwisha kufika kutazama. Akajibu kabla yangu, kwa fahari, mkono wake begani kwangu: "Mkwe wangu huyu. Peke yake. Mikono miwili."

Barua imetiwa saini. Ina jina la Bi Mihuri.

Jumapili, tarehe 9

Nyumbani. Mkuu alikuja mwenyewe kwa shangazi yake na kopo la rangi ya njano. Akamweleza habari za usalama wa vyombo. Mama mkwe akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia alimwogesha katika beseni lililo pale nyuma, na ukuta ni wake. Wenye vyombo watafute ukuta mwingine wa kuhangaisha. Mkuu akaondoka na kopo lake.

Mimi nilikuwa nimekaa barazani. Nikaletewa chai bila kuomba. Hakuniuliza kama bado ni wa muda. Nadhani aliogopa jibu.

Mke wangu naye akasema, bila kucheka sana, kwamba angalau soksi zangu hazikuanikwa.

Kazi. Maji ya jioni ya jana hayakutosha kuinyanyua mashua. Bado iko pale pale.

Jumatatu, tarehe 10

Kazi. Bi Mihuri kahamia dirishani. Amepanga kalamu zake upande wa magharibi, jambo ambalo ni kosa. Mwongozo wake ndio utakaotumwa: simameni nje, tuiteni, msubiri. Kundi la pili, mashua sita, linakuja Jumatano asubuhi.

Sikukata tamaa. Nimekaa nyuma ya mlango wangu, nimelichambua kosa kwa utaratibu. Ukuta ulikuwa mali ya mtu. Mtu hupaka rangi, mtu huanika nguo. Alama bora isiwe na mwenyewe hapa kisiwani, iwe ndefu, nyeupe, nzito, na isisogezwe na mtu yeyote kwa matakwa yake. Nimetafuta bandari nzima kwa darubini. Saa tano nikaipata.

Mashua iliyokwama. Mlingoti wake unaonekana toka mbali sana, na umesimama haswa ukingoni mwa mchanga. Wageni waupite kwa kulia, hatua arobaini, basi wako njiani. Hata mtoto hawezi kukosea. Nimechora ukurasa wa pili upya, kwa rula. Nimeandika: "Alama hii ni ya kudumu." Bi Mihuri alipokwenda kugonga mihuri nimewatumia wale sita moja kwa moja, saa tisa na robo, nakala kwa Mkuu. Wakiingia salama Jumatano atajua ni nani alistahili dirisha.

Nyumbani. Kobe kapita kuomba watu wa kuvuta kamba. Kesho Jumanne, saa nne na nusu, maji ya bamvua yanajaa kuliko siku zote mwezi huu, na mashua ya mgeni itanyanyuliwa mchangani iondoke. Nimeahidi kwenda. Nikianza kitu sikiachi nusu. Nikumbuke kuvaa viatu vya zamani.