Asali ya Ukweni na Kulanti Iliyopotea

Jamani, leo nimeumbuka, tena ukweni! Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu.

Mnalijua lile gari langu jekundu la milango miwili, lililo chini kiasi kwamba kuku wa mtaani wanalitazama usawa wa macho. (Nililinunua kwa ajili ya mbio. Mpaka sasa mbio zake ni za kwenda kwa fundi.) Wiki nzima limekuwa likipoteza kulanti, yale maji ya kijani ya kupoza injini. Najaza leo, kesho yamepungua. Nimetandika maboksi chini ya gari, asubuhi nayakuta makavu! Fundi kabadilisha mfuniko wa rejeta, kakagua mipira yote, kaishia kukuna kichwa. Mimi nikaangalia video mtandaoni, nikatangaza kuwa ni gasketi ya injini imeungua. (Hakuna aliyeniuliza.)

Na leo ndiyo siku ya kupeleka posa kwa kina Salome, Ikungi. Msemaji wetu ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Kabla ya kuondoka akanionya.

"Ukifika kule wewe ni dereva. Muoaji hasemi. Ukiulizwa, najibu mimi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

Gari halina nafasi, kwa hiyo ndoo ya asali ya ukweni akaiweka miguuni kwake. Upepo wa asubuhi ulikuwa mkali kama kawaida yetu. "Washa hita mwanangu, baridi hii itanimaliza." Nikawasha mpaka mwisho, kama ninavyofanya kila asubuhi. Vioo vikajaa ukungu, na gari zima likanukia utamu. Nikajisemea moyoni: asali hiyo! Jana shangazi aliifungua akaonja, lazima hakukaza mfuniko.

Tukafika. Mzee Ntandu, baba yake Salome, akatupokea na wazee wenzake wawili. Shikamoo, marahaba. Shangazi akashuka kwa shida (kutoka kwenye gari lile ni kama kutoka kisimani). Kitenge chake kimelowa kuanzia magotini kwenda chini. Chapachapa!

Tukaketi, ndoo ya asali kando ya shangazi. Shangazi akaanza vizuri sana: "Tumepita njiani, tukaona ua zuri kwenye nyumba hii..."

"Samahani mama," mama Salome akamkatiza, "mbona umelowa hivyo?"

Wazee wakatazama darini. Nikaona huruma, wasije wakadhani shangazi yangu... mnaelewa. Nikafungua mdomo. (Dereva!)

"Ni asali, wazee wangu. Shangazi hakufunga mfuniko vizuri, imemwagika njiani."

Shangazi akanigeukia polepole. Akaivuta ndoo katikati ya sebule, akang'oa mfuniko. Asali imejaa mpaka juu! Haijapungua hata tone.

"Haya, dereva," akasema. "Mimi nimelowa nini?"

Mzee Ntandu akainuka kwenda kwenye gari, tukamfuata wote kama tunaenda kuzika. Akafungua mlango wa abiria, akainua kapeti langu la manyoya kwa fimbo yake. Bwawa la kijani! Kulanti yangu ya wiki nzima, na harufu yake tamu ndiyo niliyodhani ni asali. Ilikuwa inavuja kwenye rejeta ndogo ya hita, nyuma ya dashibodi, na kapeti linainywa. (Mimi na maboksi yangu kule chini!)

"Kumbe mmetuletea na Ziwa Singidani," mzee akasema. Wazee wakacheka hadi mmoja akashika ukuta. Dirishani nikamwona Salome kajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika.

Kisha mzee akaacha kucheka. "Lakini kijana, gari lako limevuja, umemsingizia shangazi. Nyumba yako ikivuja, si utamsingizia binti yangu?"

Nikajua Salome ndiyo basi tena. Nikamtazama shangazi, na safari hii sikufungua mdomo.

"Atamsingizia," shangazi akasema. "Halafu mtaniita, nitakuja kumkanya. Mtazameni anavyotoka jasho. Aibu anayo, hajaharibika."

Posa imepokelewa! Ila nimepigwa faini ya mbuzi na kitenge kipya, vyote vya kumlipa shangazi. Yeye amerudi mjini na basi. Mimi niko kando ya barabara ya Dodoma, namsubiri fundi.

Msinicheke sana, mchumba bado ni wangu. Ila siku nyingine nikitafuta kinachovuja, nitaanza na mdomo wangu.