Dang'a na Baba Mkwe

Wenzangu mliofundishwa kusoma pamoja nami, leo nimeaibika mpaka nguruwe wamenionea huruma.

Mnajua Ambakisye wangu amekwenda pwani na mizigo ya Wajerumani. Hizi ni mvua za pili tangu aondoke. Aliniachia nguruwe jike, akasema, "Tusekile, nikirudi nikute wanawe wanakimbia." Basi nimemtunza kama ambavyo ningemtunza mume wangu mwenyewe (hata kukoroma wanakoroma sawa).

Asubuhi amezaa. Tisa! Nikaminya chuchu, yakatoka maziwa ya njano, mazito. Nikasema huu ni usaha. (Kukamua ng'ombe kwetu ni kazi ya wanaume, ningejulia wapi?) Nikawatia watoto kapuni, nikawaweka karibu na moto wangoje maziwa meupe. Kufika adhuhuri wamelegea, hawalii tena. Nikaanza kulia mimi.

Mama mkwe yuko Talatala. Aliyebaki nyumbani ni baba mkwe, aliyewahi kuchunga nguruwe wa misheni. Lakini miiko mnaijua: mimi na yeye hatutazamani, hatusemezani. Nikasimama nyuma ya nyumba, nikauambia mgomba kwa sauti, "Ee mgomba, watoto wa nguruwe wanakufa! Maziwa ya mama yao yameoza, ni ya njano!"

Upande wa pili, baba mkwe akaujibu mgomba uleule. "Mgomba, mwambie hiyo ni dang'a! Mtoto wa nguruwe huzaliwa hana ngao yoyote ya maradhi. Mama yake humpa ngao katika maziwa hayo, siku ya kwanza tu. Kesho hata akiyanywa, haimwingii tena. Akimbie!"

Nikakimbia, kapu mikononi, shuka kichwani nisimwone. Kweli sikumwona. Wala sikuona kizingiti cha banda! Nikaanguka kifudifudi kwenye mavi ya nguruwe, shuka kule, watoto kule. Kuinua uso, baba mkwe huyu hapa, naye amekuja kuwaokoa watoto! Mzee wa watu akajitupa mtaroni kunikimbia. Nami, badala ya kujifunika, nikapiga ukelele: "Ambakisye! Ambakisye wangu, rudi!"

Majirani wakaja mbio. Wanawake walicheka hadi wakakaa chini. Mmoja akasema, "Ndaga, pole sana, Tusekile. Tumesikia sote."

Watoto wananyonya sasa, wote tisa. Nawatazama, na hamu ya mwenye nguruwe inanibana kifua.

Chekeni, lakini polepole: kijiji kizima cha Ngana kimenisikia, isipokuwa niliyemwita.