Vita vya Sikio la Kushoto

Njooni, enyi wenye masikio mawili, mkae msikie habari za sungura aliyekuwa na moja! Acheni sufuria zitokote, acheni redio zijisemee, maana haya ni mambo makuu, yaliyotendeka katika karakana ya nyuma ya nyumba asubuhi moja kabla ya chakula.

Mchongaji, baba wa watoto wawili, alifariki akimwacha sungura wa mti mgumu, sikio la kulia limesimama, la kushoto bado limo ndani ya gogo. Mama akamtoa dirishani, akamweka juu ya meza ya kazi.

"Nimechoka kumtazama hivi," akasema. "Mmalizeni. Na mkimvunja, msije kwangu kula."

Akainuka Kaka, bwana wa waya na swichi, mtikisa mabati, akawasha grainda, nayo ikanguruma hadi paka wa jirani akahama ukuta.

"Sogea, mdogo wangu! Zama za kugongagonga zimepita!"

"Zimepita na masikio ya wale twiga uliowachonga kwa mashine hiyo?" akajibu Kitinda, binti wa mwisho, mrithi wa patasi. "Uliyageuza mkaa, Kaka. Ungewauza kama ngamia."

Kaka akacheka bila kutaka, akaizima grainda.

Kitinda akaishika patasi ya baba, aliyokuwa hajaigusa tangu mazishi, mpini wake umelika pale gumba lilipokaa. Akagonga. Ole! Nyuzi za mti zikaanza kuchanika kuelekea kichwani. Akajaribu upande wa pili. Kiwiko kikagonga ukuta.

Hapo akakumbuka. Baba hakuupinda mkono wake kuufuata mti. Aliizunguka meza, siku nzima, kama mbuzi aliyefungwa kamba, na watu wakamcheka. Enzi zake meza ilikaa katikati ya chumba. Ni Kaka aliyeisukuma ukutani baada ya msiba, iwe karibu na soketi.

"Kaka, tuirudishe."

"Waya hautafika."

"Najua."

Shujaa yule akaitazama soketi yake, kisha sungura. Akachomoa waya.

"Shika huko," akasema. "Na usiniangushie mguuni."

Meza ikarudi mahali pake kwa kishindo cha majeshi. Naye Kitinda akazunguka, akagonga, akazunguka, vibanzi vikanyesha, hata likasimama sikio la kushoto, jembamba, zima!

Mama akaja, akaliinamia. "Chakula tayari," akamnong'oneza sungura kwanza, ndipo akawageukia wanawe.

Basi vizazi na vijue: siku ile sungura alisikia, na meza haikurudi ukutani tena. Kaka alinunua waya mrefu.