Nimemchongea Papa jiwe akiwa mzima

Leo nimepata haya mbele ya kartie nzima, mtaa wote huu, na hasira haijashuka. Naandika ili nisimpige mtu. (Sijawahi kumpiga mtu. Hata kuku ananishinda.)

Papa wangu leo anatimiza miaka sitini. Ni Papa huyohuyo aliyeamua kwamba mwaka ujao nitasoma pedagojia, niwe mwalimu, kwa sababu "ile mashini inakupotezea akili." Mimi nataka informatike. Mashini anayoisema ni kompyuta kuukuu aliyoniachia kaka yangu, na ndani yake kuna programu ya bure ya kutengenezea picha. Nikajiambia: sitabishana naye, mimi kusema siwezi. Nitamtengenezea picha ya sikukuu yake ya kuzaliwa. Akiiona mwenyewe, ataniruhusu.

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikapiga foto ukuta wetu wa mawe ya volkano, kama kuta zote za hapa Keshero. Nikaondoa rangi, nikatia giza, nikalainisha kingo mpaka jiwe likaenea picha nzima bila kiungio kuonekana. Juu yake nikamweka Papa, ile foto ya kanisani, na koti lake. Jina lake nikalitia kivuli upande mmoja na mwanga upande wa pili, herufi zikazama ndani ya jiwe kama zimechongwa kwa patasi. Juu kulibaki nafasi, nikajaza mawingu. Kisha miale ya mwanga inayomshukia kichwani. Chini nikaandika "Aksanti Papa kwa yote", na mwaka aliozaliwa, kistari, na mwaka huu. Ili watu wahesabu wenyewe kwamba ni sitini.

Ninyi mmeshaona. Mimi sikuona. Nilikuwa naangalia kivuli cha herufi tu. (Kilikuwa kizuri sana, na hilo ndilo linaniuma zaidi.)

Asubuhi nikamtumia binamu yangu Kambale, anayefanya kazi kwenye duka la kuchapa picha, anichapie. Nikamwambia ni siri. Kambale akaitupa kwenye grupu ya familia. Eti ilimpendeza. Na akaandika: "Muzee wetu. Tumushukuru Mungu kwa maisha yake." Kisha akazima simu, kwa sababu patron wake hataki simu kazini.

Papa alikuwa ameenda Kibumba kuchukua kabichi za kuuza. Simu yake ikifika huko haipatikani. Na ubaya wa barabara ile watu wanaujua, mtu akichelewa kidogo tu, moyo unapiga.

Wa kwanza kufika ni shangazi Masika, dada ya Papa. Aliingia getini bila viatu, akanibana kifuani.

"Mutoto wangu, umebaki yatima."

"Shangazi, Papa hakufa."

"Ndiyo, mama. Hakufa. Iko kwa Mungu."

"Hapana, iko Kibumba."

"Njo huko alifia?"

Akaanza upya, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.

Sikilizeni, sauti yangu ni ndogo. Darasani kila nikijibu wananiambia nirudie. Leo nimerudia kwa kila aliyeingia, na kila aliyeingia alinipapasa kichwa. Jirani mmoja akawaambia wenzake, "Mumuache, ni mushituko." Wababa wakatoa makochi yetu nje, magodoro yakatandikwa sebuleni. Turubai likatoka sijui wapi. (Ukiomba turubai siku ya mvua, hakuna mwenye nalo.) Wamama wa shirika la kanisani wakafika wakiimba tangu barabarani.

Halafu Mama akarudi kutoka soko. Kitenge kimefunguka, hajui anakanyaga wapi. Nikataka kumkimbilia nimwambie sikioni. Wamama wakawa wameshamzunguka na kumkalisha kwenye godoro, mmoja akanizuia kwa mkono: "Umuache mama yako alie." Nilipomwona analia vile, na mimi nikalia. Hapo nikaharibu kabisa. Nani atamwamini mtu anayesema hakufa huku machozi yanamtoka?

Papa alifika juu ya pikipiki na gunia lake la kabichi. Akaona turubai. Akaona watu. Akashuka polepole, akavua kofia, uso ukamsawijika. Akamshika mkono Papa Musafiri, jirani wa mbele, aliyekuwa anapanga viti.

"Nani alikufa kwangu?"

Papa Musafiri alimwangalia yeye, akaangalia kiti alichoshika, akamwangalia tena.

"Njo weye ulikufa," akasema.

Wimbo ukakatika katikati. Sufuria ya chai ikapinduka. Shangazi Masika akakimbia, lakini si kumwendea Papa, alikimbilia chooni na kujifungia. Mama akatoka, akamgusa Papa usoni, akampiga kofi la begani, kisha akamshika koti na hakuliachia tena.

Ndipo likaja swali: nani alitengeneza ile foto? Kambale alikuwa pale, macho yamevimba. (Ndiyo, Kambale. Alisikia mjomba amekufa, akadhani ni kifo cha ghafla siku ya sikukuu, akaja kulia kwa msiba alioutangaza mwenyewe.) Akanyoosha kidole.

"Njo yeye."

Nilikuwa nyuma ya pipa la maji. Kartie yote ikageuka. Na kati ya waliobeba viti kulikuwa na wavulana wa darasa letu. Mmoja alicheka mpaka akaanguka kwenye godoro la wafiwa.

"Ulitaka kumuzika babako?" Shangazi alikuwa ametoka chooni, na nguvu zimemrudia. Nikajibu. Hakuna aliyesikia.

Papa akaomba simu. Akaitazama picha, akaikuza kwa vidole.

"Hili jiwe ulilitoa wapi?"

"Nyuma ya nyumba, Papa."

"Na nani alichonga jina?"

"Hakuna mwenye kuchonga. Ni kivuli tu."

Akapitisha kidole juu ya jina lake, kama anayetafuta shimo. Kisha akatazama watu, turubai, na Mama aliyemshika koti.

"Bote balilia?"

"Bote."

"Hata shangazi yako?"

"Yeye njo alianza."

Nikaona kama anataka kutabasamu na hataki watu wamwone.

"Mwalimu hawezi kuliza kartie nzima na kivuli," akasema. "Sawa. Uende kwa informatike yako. Lakini mwaka ujao, kama unataka kunitakia sikukuu, unitakie na mudomo."

Basi nimepata nilichotaka, na bado nina hasira. Na Kambale, na shangazi, na kila aliyenipapasa kichwa nikisema kweli. Chai ya msiba wameinywa, kisha wamekwenda zao, na makochi yetu yako nje mpaka sasa.

Mkinikuta njiani, mpite tu. Na msiniulize Papa alifufuka lini.